Deni Halimwondolei Mtu Haki Zake
Mambo ambayo mkopaji anapaswa kuyajua marejesho yanapomshinda

Kwa baadhi ya watumishi katika miji na vijiji vyetu siku ya mshahara imegeuka kuwa siku ya huzuni. Mshahara unaingia benki, lakini anayekwenda kuutoa si mwenye akaunti. Ni mkopeshaji, ambaye miezi kadhaa iliyopita alichukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri kuwa dhamana ya mkopo mdogo. Hukata chake kwanza, kisha humwita mwenye mshahara aje achukue kilichobaki. Kwa kuwa kilichobaki hakimfikishi mwisho wa mwezi, mtumishi hukopa tena palepale. Wananchi wameipa mikopo hii majina yanayojieleza yenyewe: mikopo umiza, mikopo kausha damu.

Wanaoumia si watumishi peke yao. Wamo mama lishe, wauza mboga, waendesha bodaboda, wastaafu wanaoishi kwa pensheni, na vijana wanaokopa kupitia simu za mkononi. Wengi wao wanapochelewa kulipa huamini kwamba wamepoteza kila haki: kwamba mkopeshaji anaweza kuwatukana, kuwaweka rumande, kubeba vyombo vyao au kuwatangaza kwa majirani. Kwa sababu ya imani hiyo hukaa kimya, na ukimya huo ndio unaowapa nguvu wakopeshaji wasio waaminifu.

Makala hii haimfundishi mtu kukwepa deni. Aliyekopa anapaswa kulipa. Lakini deni hulipwa kwa njia ya sheria, na sheria inamlinda mdai na mdaiwa pia. Sheria tunazozitaja hapa ni zile zinazotumika Tanzania Bara.

Aliyekukopesha ni nani?

Kwa miaka mingi biashara ya kukopesha fedha kidogo kidogo ilifanyika bila usimamizi wa kutosha. Hali hiyo ilibadilika Bunge lilipotunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana za wateja. Daraja la pili ni wale wasiopokea amana, yaani kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha, pamoja na wanaokopesha kwa njia ya simu. Daraja la tatu ni SACCOS, na daraja la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA.

Wakopeshaji wa mtaani ambao wengi wetu tunawafahamu wanaangukia daraja la pili. Hao wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Bango lenye rangi nzuri, muhuri, au leseni ya biashara ya halmashauri peke yake havitoshi. Una haki ya kumwomba mkopeshaji akuonyeshe leseni yake ya Benki Kuu kabla hujachukua hata shilingi moja. Orodha ya wenye leseni hutolewa pia na Benki Kuu yenyewe katika tovuti yake.

Je, kama umekwisha kukopa kwa mtu asiye na leseni? Usidhani kwamba fedha ulizopokea zimegeuka zawadi. Hata hivyo, mkopeshaji huyo anafanya biashara kinyume cha sheria, na hawezi kukutisha kwa sheria ambayo yeye mwenyewe anaivunja. Suala la kiasi gani kirudishwe ni la kupelekwa kwa mwanasheria au mahakamani, siyo la kuamuliwa na mkopeshaji peke yake.

Riba ina ukomo

Benki Kuu iliwawekea watoa huduma wa daraja la pili ukomo wa riba usiozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Wakopaji wengi hawalijui jambo hili, nao hukubali asilimia 20, 30 au zaidi wakiamini kwamba ndiyo bei ya soko.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyekopa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu. Akitozwa asilimia 30 ya mkopo kila mwezi, riba ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu riba inafika shilingi 270,000, na jumla anayolipa ni shilingi 570,000. Akitozwa asilimia 3.5, riba ni shilingi 10,500 kwa mwezi, yaani shilingi 31,500 kwa miezi mitatu, na jumla ni shilingi 331,500. Tofauti ni shilingi 238,500, fedha ambazo zingeweza kulipa karo au kununua mbolea.

Hatari kubwa zaidi humpata yule anayeweza kulipa riba tu kila mwezi. Kwa asilimia 30, mwalimu huyo akilipa riba mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 1,080,000, na bado atadaiwa shilingi 300,000 zilezile alizokopa. Ndiyo maana watu huona kwamba wanalipa bila kumaliza.

Chunguza pia majina mengine yanayoweza kuificha riba: ada ya fomu, ada ya usimamizi, bima, adhabu ya kuchelewa. Mkopeshaji anapaswa kukueleza gharama zote kabla hujasaini. Kuhusu adhabu, Sheria ya Mikataba inasema kwamba hata pale mkataba unapotaja kiasi cha fidia mtu akivunja masharti, anayedai anastahili fidia inayolingana na hali halisi, isiyozidi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, adhabu kubwa kupita kiasi inaweza kupingwa mbele ya hakimu.

Kadi ya benki si dhamana

Kadi ya benki hutolewa na benki kwa ajili ya matumizi ya mwenye akaunti, na namba ya siri ni ya mtu mmoja. Kumkabidhi mtu mwingine vitu hivyo ni kuvunja masharti uliyokubaliana na benki yako, na fedha zikipotea benki inaweza kukuambia kwamba ulijitakia mwenyewe. Serikali na Benki Kuu zimewaonya wakopeshaji mara kadhaa waache kushikilia kadi za benki na vitambulisho vya wateja.

Kama kadi yako iko mikononi mwa mkopeshaji, unaweza kwenda kwenye tawi la benki yako, ukaomba kadi hiyo ifungwe na upewe nyingine. Hilo si wizi wala utapeli, kwa sababu akaunti ni yako. Lakini deni linabaki. Kwa hiyo siku hiyohiyo mwandikie mkopeshaji barua: mweleze kwamba umefunga kadi, kwamba unalitambua deni, na utalilipa kwa kiasi gani kila mwezi. Barua ya namna hiyo inaonyesha nia njema, na inaweza kukusaidia sana shauri likifika mahakamani.

Kuhusu makato ya mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata deni kienyeji. Makato hufanyika pale sheria au amri ya mahakama inapoelekeza, au pale mfanyakazi mwenyewe anapokubali kwa maandishi. Aidha, utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anapaswa kubaki na si chini ya shilingi 200,000. Anayechukua mshahara wote kwa kadi anaukwepa ulinzi huu.

Kushindwa kulipa si kosa la jinai

Deni la mkopo ni shauri la madai. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni, wala mtendaji wa kata hana mamlaka ya kumfunga mtu kwa sababu ya marejesho. Mkopeshaji anayetaka fedha zake afungue shauri mahakamani, mdaiwa aitwe, kila upande usikilizwe, ndipo hukumu itolewe. Kuna kitu kinaitwa kifungo cha madai, lakini hicho huamriwa na mahakama tu, baada ya hukumu, kwa utaratibu wake maalumu. Hakiamriwi kwa simu ya mkopeshaji.

Lazima tuseme ukweli wote. Mtu aliyepata mkopo kwa hati za kughushi, au aliyetumia mali ya mtu mwingine kuwa dhamana, anaweza kushitakiwa kwa jinai. Hapo anajibu kwa udanganyifu wake, siyo kwa sababu ya umaskini wake.

Ukipokea wito wa mahakama usiukimbie. Mdaiwa asiyefika anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na riba haramu ikaingizwa katika hukumu kwa kukosa mtu wa kuipinga. Ukifika unaweza kuomba mkopeshaji aonyeshe leseni na hesabu zake. Unaweza pia kuiomba mahakama iamuru ulipe kwa awamu kulingana na uwezo wako.

Vyombo, zana za kazi na nyumba

Wengine huvamiwa na vijana wanaobeba magodoro, sufuria na cherehani. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu au kuingia kwa nguvu na kuchukua mali kwa sababu tu anadai. Anayefanya hivyo anaweza kuripotiwa polisi.

Hata baada ya hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Madai inataja mali zisizoweza kukamatwa ili kulipa deni. Miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, pamoja na zana za kilimo na mbegu za mkulima. Nyumba ambayo mdaiwa na familia yake wanaishi nayo imo katika orodha hiyo. Busara yake ni wazi: mtu aliyenyang'anywa cherehani au jembe hawezi tena kulipa deni lolote.

Busara hiyo ni ya kale. Katika Kumbukumbu la Torati, jiwe la kusagia nafaka halikuruhusiwa kuwekwa rehani, kwa sababu bila jiwe hilo familia hulala njaa. Kurani nayo inaelekeza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Waumini wa dini zote mbili wana sababu ya kulijali jambo hili.

Lakini angalia: kinga ya nyumba haimsaidii aliyeiweka nyumba hiyo rehani kwa hiari yake. Aliyeweka rehani kwa kufuata sheria anaweza kuuziwa. Hata hapo kuna masharti. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Mdaiwa anapaswa kupewa notisi ya maandishi kabla mali haijauzwa. Na mnada wa ardhi au nyumba hauwezi kufanyika mpaka tangazo la wazi litolewe kwa siku zisizopungua 14. Mke aliyeona dalali mlangoni wakati hakuwahi kusaini chochote asikubali kuambiwa kwamba amechelewa. Awahi mahakamani.

Mtego mwingine ni mkataba wa mauziano. Mkopaji hudhani anasaini mkataba wa mkopo, kumbe karatasi inasema ameuza kiwanja au pikipiki yake. Wengine husainishwa karatasi tupu ambayo hujazwa baadaye. Usisaini karatasi tupu hata kwa mtu unayemwamini, wala mkataba wa mauziano wakati unakopa. Kama umekwisha kusaini, tafuta mapema ushahidi kwamba yalikuwa mkopo: ujumbe wa simu, stakabadhi za marejesho, na mashahidi waliokuwapo.

Mikopo ya simu na aibu ya hadharani

Katika miaka ya karibuni umeingia mkopo unaopatikana kwa dakika chache kupitia programu za simu. Mkopaji huruhusu programu kusoma orodha ya namba zilizo katika simu yake. Siku akichelewa, ujumbe hutumwa kwa bosi wake, wakwe zake na wanakwaya wenzake ukimwita tapeli.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia hii. Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni wala kibali. Kabla ya kukopa kwa simu, hakiki kama mwenye programu ana leseni.

Kumtangaza mdaiwa ni kosa pia upande wa faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamzuia anayekusanya taarifa za watu kuzitumia kwa namna isiyo halali. Aliyeumizwa anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vitisho na matusi kwa njia ya mtandao vinaweza kuripotiwa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usifute ujumbe wa matusi kwa hasira. Utunze, maana ndio ushahidi wako.

Mtu ambaye namba yake imekutwa tu katika simu yako si mdhamini, wala hadaiwi chochote. Mdhamini ni yule aliyekubali na kusaini. Huyo naye ajue kwamba anaweza kudaiwa deni lote mkopaji akishindwa. Akilipa, ana haki ya kumdai aliyemdhamini.

Hatua za kuchukua mkopo unapokushinda

1. Usikope kwa mwingine ili kulipa wa kwanza. Shimo halizibwi kwa kuchimba jingine.

2. Kusanya karatasi zote: mkataba, stakabadhi, ujumbe wa miamala ya simu, taarifa ya benki. Kama huna nakala ya mkataba, iombe kwa maandishi. Ni haki yako kuwa nayo.

3. Fanya hesabu. Andika ulichopokea mkononi, ulichokwisha kulipa, na kinachodaiwa. Linganisha na riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi.

4. Mwandikie mkopeshaji mapema, kabla siku ya marejesho haijapita kama inawezekana. Eleza kilichotokea, kama ni ugonjwa, mavuno mabaya au kufiwa, na pendekeza kiasi unachoweza kweli kulipa. Usiahidi zaidi ya uwezo wako. Tunza nakala.

5. Lipa kwa njia inayoacha alama, yaani benki au simu, au dai stakabadhi iliyosainiwa. Malipo ya mkono kwa mkono bila karatasi yanakanushika.

6. Mkopeshaji akikataa kukusikiliza au akivunja sheria, peleka malalamiko yako kwa maandishi kwake kwanza, kisha Benki Kuu, ambayo ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Mbali na makao makuu Dodoma, Benki Kuu ina ofisi Dar es Salaam na matawi Arusha, Mbeya, Mwanza na Mtwara.

7. Tafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kupata msaada bila malipo, na iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria walioko katika wilaya zetu. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania nayo hutoa msaada huo.

Wajibu wa jumuiya

Watu wengi hukopa kwa kausha damu kwa sababu ya dharura ya siku moja: mgonjwa anahitaji dawa, mtoto amerudishwa shuleni, msiba umetokea. Benki inataka hati na muda. Mkopeshaji wa mtaani anataka kadi tu. Kwa hiyo elimu ya sheria peke yake haitoshi kama hakuna mahali pengine pa kukimbilia.

Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga mfuko mdogo wa dharura, wenye masharti mepesi na marejesho ya muda mfupi. Kikundi kihakikishe kimesajiliwa katika halmashauri, ili nacho kiwe ndani ya sheria. Viongozi wa vikundi wasome mikataba pamoja na wanachama wao kabla hawajasaini popote. Tukisikia kwamba mwenzetu anadaiwa, tusimcheke wala tusimgeuze mada ya kijiweni. Aibu ndiyo silaha ya mkopeshaji mwovu, naye huitumia kwa sababu anajua sisi tutamsaidia kuisambaza.

Kukopa si kosa, na kushindwa kulipa kwa muda si mwisho wa maisha. Kama wewe au jirani yako mko katika hali hii, anzeni wiki hii kwa jambo moja jepesi: chukueni daftari, andikeni hesabu ya deni tangu siku ya kwanza, kisha mlipeleke kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu nanyi. Aliye na hesabu yake mkononi hatishwi ovyo.